Kichupa cha Mate cha Mzee Ndaki

Vinyozi wote wa Bugarama wanamjua Ndaki kwa mfuko wake. Akishanyolewa, mzee mzima anainama, anaokota nywele zake zote hadi za masikioni, anazifunga na kwenda kuzichoma kwake. Akitema mate, anafukia kwa kisigino. Kucha ndiyo usiulize! Mwanamume ana zizi limejaa ng'ombe, sauti yake inakimbiza fisi, lakini anaamini mchawi akiupata unywele wake mmoja tu, habari yake imekwisha.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye umpe kichupa umwambie atemee mate!

Ndivyo walivyofanya watafiti wa vinasaba. Walitaka watu ambao babu na bibi zao walizaliwa hapahapa, waone damu ya Wasukuma inafanana wapi na ya makabila mengine, na inaachana wapi. Limi, binti yake, akatema bila maneno. Ndaki naye alikwisha kutamba kilabuni kwamba Usukuma wake haujachanganywa hata na maji. Angekataaje? Akasema anaona haya kutema mbele za watu, akazunguka nyuma ya zizi.

Huko alikuwepo Mwita, mchimbaji wa dhahabu kutoka Tarime, mchumba wa Limi, anakaza miti ya zizi.

"Mkwe, tema humu."

"Mate yangu, baba? Ya nini?"

"Wachawi wa huku hawakuwezi. Hata jina la bibi yako hawalijui. Ninyi Wakurya na sisi, damu ni mbalimbali kama punda na ng'ombe."

"Na punda ni nani hapo?"

"Tema, bwana, watu wananingoja!"

Mwita akatema huku akicheka. Ndaki akarudi kifua mbele, akakabidhi kichupa.

Mvua zilipokwisha, watafiti wakarudi na majibu. Nesi Scolastika akamwita Ndaki chumbani kwenye zahanati, na Limi akaomba wasikilize pamoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, sema. Msukuma halisi, siyo?"

Scolastika akawaeleza taratibu. Katika vichupa vyao vyote viwili wameona alama ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hawaumwi; anayeumwa ni yule aliyeirithi kwa baba na kwa mama pia.

"Kumbe umenirithisha wewe, baba!" Limi akamsukuma bega.

Ndaki akataka kucheka. Akamgeukia nesi.

"Hiyo alama... si ni ya Wasukuma?"

"Haijui kabila, baba. Inafuata malaria ya enzi na enzi. Huku kwetu kanda ya ziwa, Msukuma anayo, Mzinza anayo, Mkurya anayo. Kwenye baridi milimani inapungua. Na hata kijiji kimoja, huyu anayo, jirani yake hana." Akamgeukia Limi. "Mchumba wako apime kabla ya ndoa. Akiwa nayo, kila mimba mtakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa."

"Mwita? Wa mbali yule," Limi akasema, anatabasamu. "Hata gauni ninakwenda kulipima leo."

Kinywa cha Ndaki kikakauka kama kibuyu cha mwaka jana. Akisema, Bugarama nzima itamcheka mpaka kaburini. Asiposema... Akamtazama binti yake, akaona wajukuu.

"Mate yale si yangu."

"Unasemaje, baba?"

Ndaki akainua kidole kuelekea dirishani. Nje, Mwita alikuwa juu ya pikipiki, anafuta kiti kwa mkono wa shati ili Limi akae.

Limi akatazama kidole, akatazama dirisha, akamtazama baba yake. Tabasamu likaondoka usoni kidogo kidogo.

"Mwita!" akaita. "Zima pikipiki, ingia ndani. Gauni lisubiri."

Ndaki akanyoosha mkono kwa nesi. "Nipe kingine. Niteme mwenyewe, hapahapa, watu waone."

Akapewa. Akakiweka mdomoni, akakamua mashavu, akakamua tena. Hata tone.