Peigi Alipokaa Katikati ya Sala

Kwetu kisiwani Lewis, zaburi huimbwa tumekaa na sala huombwa tumesimama. Hata mwenye magoti mabovu hujikongoja akasimama. Kwa hiyo Peigi alipokaa katikati ya sala, kanisa zima lilisikia benchi likilia, nami rafiki yake nilikuwa ubavuni mwake.

Peigi ni mjane, mfumaji wa vitambaa vya sufu. Alimzika mume, akaugua akapona, na ibada hakukosa. Mchungaji wetu wa miaka mingi alipofariki, tuliletewa Finlayson kutoka bara, mtu wa sauti nzito na macho yasiyopepesa. Sikumpenda, na sioni haya kusema. Mwaka huohuo feri ilianza kusafiri siku ya Bwana, siku ambayo kwetu kufanya kazi au kusafiri ni dhambi, na Torcuil, mwana pekee wa Peigi, alikuwa baharia humo.

Kila Jumapili Finlayson akawa anamwomba Mungu aisimamishe feri ile. Baridi ilipoingia, akaomba aivunje. Upepo ulikuwa unagonga madirisha, na wengine waliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo Peigi alipokaa.

Wiki hiyo Murdo, shemeji yake na mzee wa kanisa, alikuja kwake. Nilikuwepo, namimina chai. Alisema Peigi asiposimama sala yote, hatapewa kile kibati cha kumruhusu kushiriki meza ya Bwana.

"Simama tu, shemeji. Nani atajua unaomba nini moyoni?"

"Mungu atajua. Nikisimama pale, namwambia amuue Torcuil."

"Basi hamia kanisa la ng'ambo ya barabara. Wengine wasiompenda Finlayson wameshahama."

"Kwani nilikuja kwa Finlayson? Huyo mgeni tu, Murdo. Mwenyeji ni Mungu."

Murdo aliondoka bila kumaliza chai. Meza ilipoandaliwa, Peigi alibaki benchi la nyuma akitutazama tukila na kunywa, na nyumbani alilia hadi akashindwa kufuma. Majirani wakaacha kumbishia hodi. Hata hivyo kila Jumapili alikuja, akasimama kuomba, na sala ilipofika kwenye feri akakaa.

Januari ikaja dhoruba iliyong'oa mapaa. Feri ilikuwa imeshatoka bara asubuhi. Ibada ikiendelea, Murdo aliitwa nje, akarudi amepauka, akapanda mimbarini kunong'ona. Tuliokuwa mbele tulisikia, na habari ikapita hadi benchi la Peigi: feri haijibu redio.

Finlayson akatuambia tuombe. Tukasimama wote, isipokuwa Peigi. Mchungaji akafumbua kinywa, na neno halikutoka. Nje bahari ilikuwa inanguruma, na yeye ameshika mimbari kwa mikono miwili. Kisha Peigi akasimama, na katika kanisa ambamo mwanamke hasemi, akasema.

"Endelea, mchungaji. Leo omba sala yako ya feri nikiwa nimesimama."

Finlayson akakaa chini, akafunika uso. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Tulisimama hivyo hadi miguu ikafa ganzi.

Feri iliingia jioni, kioo cha mbele kimepasuka, Torcuil amevunjika mkono. Kabla kondoo hawajaanza kuzaa, Finlayson alihama bila kuaga.

Sasa tumeletewa mwingine, kijana mpole, mwenye tabasamu. Murdo mwenyewe alimrudishia Peigi kibati chake, na meza ni Jumapili ijayo. Peigi amekuwa akikishika mfukoni kama mtu anayeogopa wezi.

Leo mchungaji huyu aliomba vizuri. Aliombea wagonjwa, akaombea mvua ipungue, nami nikaanza kupumua. Halafu akashusha sauti.

"Na kuhusu feri ile, Ee Bwana, wewe wajua jinsi ilivyoponea chupuchupu. Usiiache iponyoke tena."

Murdo akageuka kututazama. Mkono wa Peigi ukashika benchi, magoti yake yakaanza kukunjika polepole, na safari hii yangu pia.