Mama Laurentine Hajui Kunong'ona

Kanisa letu la mtaa wa West Side, hapa ughaibuni mjini Buffalo, limekodi ukumbi juu ya duka la mitumba, na wenye duka wanatujua kwa sauti moja tu: ya Mama Laurentine. Akisema "Bwana asifiwe", hata walio kituo cha basi wanaitika. Kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wanampenda kwa sababu hiyohiyo, maana wazee wenyewe hawasikii vizuri. Sisi tunamcheka, naye anacheka kutushinda.

Mwaka 2014 alimpokea Murhula, mtoto wa marehemu mdogo wake. Kijana alitoka mji mwingine, Columbus, alikokuwa akifanya kazi kwenye bohari na kupanga na wenzake karibu na Morse Road. Zamani, akija kututembelea, tulimjua kama mtu wa kupiga pasi hata fulana. Sasa alifika na koti moja chafu, hataki kuoga, chakula anakinusa akidhani kina sumu. Jikoni alicheka peke yake na kumjibu mtu asiyekuwepo. Televisheni aliifunika kwa shuka, eti mtangazaji anamtaja jina.

Kisha akasimama kanisani akasema ameambiwa theluji kubwa inakuja. Sasa jamani, kutabiri theluji Buffalo mwezi wa Novemba nayo ni kazi? Lakini juma lililofuata ikaja ile iliyozika magari kusini mwa mji, na watu wetu wakapagawa. Nabii! Wakampangia foleni. Mama Generoza, kiongozi wa maombi, akawa ndiye mbeba Biblia yake. Pasta Zihindula akatangaza kwamba Jumapili kijana atawekewa mikono, kisha aingie mfungo mkavu, bila chakula wala maji, mpaka sauti yenyewe imruhusu kula.

Mama Laurentine aliingiwa na hofu. Manabii anawaamini, tena sana. Ila nabii aliyemjua kwao Kivu, akishamaliza kunena, alikaa akala na kutaniana na watu. Huyu wa kwake hapumziki. Alikuwa amekonda, suruali inashikiliwa na kamba, na mara nyingi alimkuta ameziba masikio kwa mto, analia. Mfungo ule ungemuua.

Jumapili ilipofika, mikono ya Pasta ikiwa tayari kichwani mwa kijana, Mama Laurentine akainuka na kupita katikati ya viti. Mama Generoza akamshika kitenge.

"Mama, ongea polepole. Mutaulizana ku nyumba."

Polepole ya nani? Mama Laurentine hajui kushusha sauti.

"Murhula, mutoto yangu, iyo sauti inakupendaka?"

Kijana akamtazama.

"Hapana, mama. Iko nanitukana. Ziko mingi, ziko naongea juu yangu. Zinasema nikufe. Tangu Columbus."

"Na ulinificha?"

"Zilisema nikikuambia, zitakuua weye."

"Bon. Mungu hawezi tukana mutoto yake. Donc, basi, iyo ni ugonjwa, tunaenda hospitali. Pasta, leta funguo ya motokari."

Na Pasta, hapa namsifu, akaondoa mikono kichwani, akaitia mfukoni na kutoa funguo.

Hospitalini daktari aliuliza kupitia mkalimani wa simu: sauti zinaamuru nini? Nani anamfuata? Tangu lini aliacha kazi, marafiki, kuoga? Wakampima damu, kuona kama si dawa za kulevya au ugonjwa mwingine. Mkalimani alimwomba Mama Laurentine apunguze sauti, akakataa. Kwa kuwa mambo hayo yalikuwa yamedumu zaidi ya nusu mwaka, tena yakiongezeka, baada ya siku kadhaa daktari akalitaja jina: skizofrenia, ugonjwa wa akili. Si laana, si unabii, wala si uvivu. Mama Laurentine akalirudia kwa nguvu mpaka korido nzima ikalijua. Alifurahi, ndiyo, alifurahi! Sasa alijua anapigana na nini.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kidonge cha kwanza kilimlaza mchana kutwa, wakambadilishia. Kila jioni Mama alisimama mbele yake mpaka ameze. Taratibu shuka likatoka kwenye televisheni. Pasi ikarudi mezani, na siku moja Mama akakuta vitenge vyake vyote vimenyooshwa bila yeye kuomba. Akakaa kitandani, akalia kwa furaha, na majirani wa juu wakashuka kuuliza kuna nini.

Siku ya Pasaka Murhula alikaa kwenye ngoma. Kabla ya wimbo, Mama Generoza, ambaye hajakata tamaa, akamwinamia.

"Nabii, leo uko nasikia nini?"

Murhula akageuka kumtazama mama yake mkubwa, aliyekuwa akisafisha koo mstari wa mbele hadi madirisha yanatikisika.

"Leo nasikia yeye tu," akasema, na akacheka pamoja nasi.

Vigelegele alivyopiga Mama Laurentine, nina hakika, Columbus walivisikia.