Nywila Iliyotoka Dirishani

Zamda, karani wa zahanati moja pale Nyamwage, alijifunzia herufi kwenye chuo cha Kurani cha babu yake, ambako asiyesoma kwa sauti alihesabiwa hajasoma. Mpaka leo, na miaka yake arobaini na miwili, mkono wake hauandiki bila mdomo kuufuata.

Mwaka jana alikuja mtaalamu kuwafundisha usalama wa kompyuta. Akasema duniani kuna wezi wanaotega masikio wakaijua nywila kwa mlio wa vitufe tu. Zamda alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Baba, hapa kwetu malori yanapita kutwa, mtu hujisikii mwenyewe, seuze vitufe."

Haukupita mwezi, mtu akaifungua kompyuta ya zahanati watu wakiwa kwenye swala ya adhuhuri, akasoma faili la mgonjwa mmoja, Safina. Kufika alasiri kijiji kizima kinajua Safina anameza dawa gani. Nywila walikuwa nayo wawili, Zamda na Kheri wa maabara. Zamda akaapa hajamwambia mtu, na aliapa kwa moyo safi. Kheri akaachishwa kazi, akarudi kwao Mloka kufukuza nguruwe shambani.

Siku moja Zamda akipita nyuma ya jengo alimsikia Bi Hadija, muuza vitumbua wa pale kwenye benchi la wagonjwa chini ya dirisha, akimbembeleza mjukuu: "Ki, si, wa, ni, nne, saba."

"Wimbo gani huo, Bi Hadija?"

"Si wako, mwanangu? Kila asubuhi ulikuwa ukituimbia. Siku hizi umeleta mwingine, ila huo mgumu."

Zamda akaitambua: ndiyo nywila ya zamani. Aliyemponza Kheri ni yeye, na mdomo wake.

Miezi miwili alinyamaza. Aliona haya, tena aliogopa kufukuzwa. Mara mbili alikaa amwandikie mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, mara mbili akainuka bila kugusa kitufe.

Jumatatu moja aliandika: Kheri hana kosa. Nywila niliitoa mimi. Alipomaliza hofu ikamrudia, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Nje watu wa kwenye benchi walikuwa wamesogea dirishani.

"Zamda," Bi Hadija aliita taratibu. "Hafsa, mkewe Kheri, yupo hapa kwenye foleni. Anaomba urudie pale pa mwanzo."

Zamda akaondoa kidole, akarudia, kwa sauti ile ile ya chuoni.