Kopo Lililoandikwa Tupu

Inatangazwa kwa wake kwa waume, kwa majirani wa ukuta mmoja na kwa wale wa mbali wenye macho marefu, kwamba siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, mwenye jiko alipopanda tu basi kwenda kumuuguza dada yake aliyepasuliwa jicho, jiko lake lilipinduliwa. Serikali mpya iliundwa papo hapo, nayo ilikuwa na mtu mmoja: mumewe, mzee wa miaka sitini na moja, mtunza ghala mstaafu, ajulikanaye mtaa mzima kama Bwana Stoo. Hakuna damu iliyomwagika, isipokuwa ya kidole gumba, na hiyo ni ajali ya kibao cha kukwaruzia karoti.

Bwana Stoo alikuwa na miezi minne tangu astaafu. Kwa miaka thelathini na mitatu alitawala ghala la vifaa vya ujenzi, ambamo kila msumari ulikuwa na kitanda chake na kila bomba lilijua jirani yake ni nani. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani na hotuba. Saa ilisimama wiki ya pili. Hotuba ilisimama siku ileile. Akabaki nyumbani bila mtu wa kumsainisha. Akapanga viatu. Akapanga magazeti ya zamani kwa tarehe. Vilipokwisha vya kupanga, akaanza kulitazama jiko la mkewe kama paka anavyotazama bucha lililofungwa.

"Jiko hilo ni langu, baba," mkewe alimwambia mara ya kwanza alipomkuta anahesabu vijiko. "Wewe mipaka yako ni mezani."

Na tuseme kweli, jiko lenyewe lilikuwa linaomba mapinduzi. Sufuria zilikuwa hazina mifuniko na mifuniko ilikuwa haina sufuria, kama ndugu waliogombana msibani. Droo ya juu haikufunguka mpaka uipige teke ya chini. Kulikuwa na mfuko wa kuwekea mifuko, na ndani yake mfuko mwingine wa kazi hiyohiyo. Kulikuwa na chupa ya chai isiyo na kizibo, miiko kumi na mmoja, na makopo yasiyo na idadi. Lakini katika vurugu hiyo mama watoto alikuwa akioka skonzi ambazo watu walizifuata kwa miguu. Wauguzi wa zahanati walichukua themanini kila Ijumaa, saa moja asubuhi, bado za moto.

Basi Bwana Stoo akavaa koti lake la kazi, lile la buluu lenye mifuko minne, akatoa kila kitu akakimwaga sakafuni. Sheria yake ilikuwa ileile ya ghalani: kisichoguswa miezi sita si mali, ni mzigo. Mifuniko mijane ikaenda. Chupa ya chai ikaenda. Miiko ikabaki mitatu, nayo ikapangwa kwa urefu. Alifanya kazi huku anapiga mluzi, na mtu akipiga mluzi katika jiko la mwenzake, jueni kuna jambo linakuja.

Kwenye rafu ndogo juu ya meza ya unga, alikuta kopo moja kuukuu, limebonyea ubavuni, ndani halina kitu. Mbele lilikuwa na maandishi mekundu. Akavaa miwani yake, ile iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi, akasoma: *tupa*.

Alifurahi mpaka akataka kumpigia mtu simu. Kule ghalani, bidhaa iliyoharibika iliandikwa neno hilohilo, kwa rangi hiyohiyo nyekundu, ili wapakizi wasijiulize mara mbili. "Kumbe mke wangu naye ana utaratibu," akasema, "ila nguvu za kutekeleza ndizo hana." Akamsaidia kutekeleza. Chini ya kopo kulibaki duara la kutu kwenye ubao. Akalisugua kwa sabuni, akalisugua kwa jivu, akalisugua kwa matusi. Halikutoka. Jumanne asubuhi mzoa taka akapita na mkokoteni wake, akabeba magunia mawili.

Jumatano simu ikalia.

"Umekula?" mkewe aliuliza.

"Nimekula."

"Jikoni hujagusa kitu?"

"Nimefagia kidogo tu."

"Fagia, Mungu atakulipa. Ila lile kopo langu la maandishi mekundu usije ukalitia hata punje ya chumvi. Ndilo napimia unga."

"Kopo... la maandishi mekundu."

"We mwanaume, umelisahau? Si wewe ulirudi kazini mwaka ule ukasema kila kopo nyumbani liandikwe kilichomo? Nikachukua rangi ya kucha nikaandika *tupu*. Ukaninunia siku mbili nzima!" Akacheka kule aliko. "Kopo la maziwa ya mtoto wetu wa kwanza lile. Leo mwenyewe ana watoto."

Bwana Stoo akakumbuka. Alikumbuka mpaka harufu ya ile rangi ya kucha. Alikumbuka pia kwamba tone moja lilichuruzika kwenye herufi ya mwisho na kuiziba mdomo, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyelitikisa kopo kwa hasira kabla rangi haijakauka.

"Nimekumbuka," akasema.

"Sauti yako imekuwaje?"

"Vumbi," akasema.

Alimkuta mzoa taka kwenye kona, amekalia mkokoteni, anakula ndizi.

"Makopo nimeshayapeleka kwa yule mzee wa vyuma chakavu," alisema mzoa taka. "Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba, marahaba," Bwana Stoo alijibu akiwa ameshampa mgongo.

Mzee wa vyuma chakavu alikuwa amekaa juu ya betri ya gari, nyundo mkononi, anabamiza kopo moja baada ya jingine kwa utulivu wa mtu anayebangua korosho.

"Unatafuta kopo la namna gani, ndugu yangu?"

"Limeandikwa tupu."

"Hapa yote matupu."

"Hilo limeandikwa."

"Aa! La msomi." Akaonyesha rundo kwa nyundo. "Tafuta. Wasomi na wajinga wote nimewalaza pamoja."

Alilipata baada ya saa nzima, limelala bapa kama bahasha. Nyumbani alijaribu kulifumbua kwa mpini wa mwiko, mmoja wa ile mitatu iliyopangwa kwa urefu. Likakubali kidogo, likafanana na kofia iliyokaliwa na mgeni mnene. Akalitia maji, yakatoka pande tatu. Akalifunga ndani ya koti la kazi, akalisukumiza chini kabisa ya kabati la nguo, mahali ambapo katika ghala lake mwenyewe angemfukuza mtu kazi kwa kuficha kitu.

Mkewe alirudi Alhamisi mchana. Akasimama mlangoni mwa jiko, begi bado mkononi.

"Mume wangu," alisema polepole. "Hii droo inafunguka."

"Nimeipaka mafuta."

"Na sufuria zina mifuniko! Mungu akupe maisha marefu. Na mimi huko njiani nawaza nitakuta umeniharibia."

Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki. Angepigwa kofi angeshukuru. Mkewe hakutosheka, akamwita jirani yao, fundi cherehani, aje aone. Fundi cherehani akaja na futi yake shingoni, akafungua kabati, akafunga, akafungua tena.

"Shoga, huyu mume ulimpata wapi? Wangu glasi huiacha palepale kiu ilipomwishia."

"Usimsifu sana," mke akacheka. "Atataka mshahara."

Jirani alipoondoka, mama watoto akajifunga kanga kiunoni, maana themanini za Ijumaa zilikuwa zinamngoja. Akafungua gunia la unga. Kisha, bila kutazama, huku anaongea habari za jicho la dada yake, akanyoosha mkono wa kulia kuelekea rafu ndogo. Mkono ulifika mahali pake ulipofika kila siku kwa miaka ishirini na tisa, vidole vikafumba, vikashika hewa.

"Lile kopo umeliweka wapi?"

Hapa ndipo mwanaume aliyeongoza ghala zima alipokosea hesabu ya pili.

"Kopo lipi?"

"Langu la kupimia."

"Aa. Sijui. Labda panya."

"Panya abebe kopo?"

"Panya wa siku hizi..." akaanza, akaishia hapo.

Mkewe akachukua kikombe cha chai, akapima kwa kukisia, akakanda nusu ya kazi, akaoka. Alasiri ile skonzi arobaini zilitoka tanurini na nyuso za watu waliopokea habari mbaya: fupi, ngumu, zimepasuka kichwani. Akamega moja, akatafuna, akaiweka chini. Akaigeuza mikono yake mbele ya macho, juu na chini, kama anayekagua vyombo vya kuazima.

"Mkono wangu umezeeka," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, hata hakuwa anamwambia yeye. Bwana Stoo, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, kwa kununiwa, hata kwa mwiko, hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akaenda chumbani. Akarudi na koti la kazi, akalifungua mezani katikati ya unga.

"Mkono wako hauna kosa. Nilisoma *tupa*."

Mkewe alilishika lile bapa, akapitisha kidole juu ya herufi nyekundu. Midomo ikamchezacheza, ungedhani anataka kucheka, na labda alitaka.

"Kutupa umetupa kwa bahati mbaya," alisema mwishowe. "Miwani yako naijua. Lakini panya, baba? Mimi nimekaa hapa nausuta mkono wangu, wewe umekaa hapo na panya wako."

Miaka thelathini na mitatu Bwana Stoo alihesabu vya watu bila kupoteza hata nati ya bomba, na mkono uliomlisha muda wote huo hakuwahi kujua unapimia kitu gani.

Ndipo akaliona lile duara la kutu. Limekaa palepale kwenye rafu, limeshinda sabuni, jivu na matusi.

Akachukua uzi, akaupima upana wa duara. Akachukua lile bapa, akapima kimo kwenye mshono wake. Akaenda dukani na uzi mkononi, akajaribu makopo mpaka muuza duka akamuuliza kama anamtafutia mtu kofia. La kumi na saba likakubali upana, ila lilikuwa refu. Akalikata kwa mkasi wa bati, akaupiga tupa ukingo, na ile tupa yenyewe, ya kunolea, nusura imchekeshe. Mkewe akachota unga, akasawazisha kwa kidole, akaupima uzito kiganjani huku amefumba macho.

"Punguza."

Akapunguza.

"Kidogo tena."

Akapunguza.

"Basi. Hapohapo."

Zahanati ilipata themanini zake Ijumaa saa nne badala ya saa moja, kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, na Bwana Stoo ndiye aliyezipeleka kichwani na kuomba radhi kwa kila muuguzi, mmoja mmoja. Kopo jipya liliandikwa kwa rangi ya kucha, safari hii mjukuu wao akisimamia herufi kwa simu: *tupu*. Chini yake, kwa maandishi madogo: *soma tena*.

Jumamosi fundi cherehani akaingia bila kubisha, amevaa nguo ya kutokea.

"Bwana Stoo, nimekuja rasmi. Jiko langu limenishinda, na mtaa mzima unajua kwamba fundi wa kupanga majiko ni mmoja tu. Njoo uniongoze, mkuu. Useme kibaki nini, kitupwe nini."

Bwana Stoo alikuwa mbele ya beseni, mikono imejaa povu mpaka viwikoni. Mkewe, nyuma yake, hakugeuka. Alikuwa anapima unga.

"Mimi hapa naosha vyombo tu, jirani."