Halua ni ya Nani

Siku ya kuozwa mjukuu wangu, halua tuliipika wenyewe uani kwangu. Wakwe watoka Vitongoji, na wale mie nawajua: hawaulizi bi harusi anajua kusali, wanauliza halua ilikuwaje. Ikiharibika, mtoto ataingia nyumba ya watu na jina la kuungua.

Halua ikishashika moto haiachwi mkono. Mwiko uzunguke mpaka samli itoke juu. Nikawapa wanaume watatu wapokezane. Wanaume nao, ukiwapa kazi ya mkono wanatafuta ya mdomo.

Jirani yangu, ambaye babu zake walitoka Omani, akaanza kwa koo zima: "Halwa, yakhe! Kiarabu hicho, maana yake tamu. Sie ndio tuliokuja nayo." Huyo boti ya Unguja tu inamtapisha, lakini kaja nayo yeye.

Mume wa binti yangu aliwahi kwenda Bombei kumuuguza nduguye. Karudi anatikisa shingo kama kuku aliyekwamwa na punje. "Mama, hawa hawajui. Kule halua ni karoti na maziwa."

Karoti!

Mwiko alikuwa nao mtoto wa kaka yangu, mwalimu. "Samahanini wazee wangu, kimsingi neno hili limesambaa. Waturuki husema helva. Ipo ya ufuta, na ipo ya unga, hupikwa watu wakifiwa."

"Ushindwe! Leo harusi."

"Si mimi, shangazi, ni simu. Ngojeni niwasomee."

Akauacha mwiko umesimama katikati ya sufuria. Wenziwe wakainamia simu. Mie nimo naijaribu ile shingo ya Bombei, niende nikawachekeshe wanawake ndani. Mara harufu.

Tukapakua ya juu, ya chini tukaiacha na sufuria lake. Bibi wa bwana harusi alipofika akaja moja kwa moja uani kunisalimu, akapewa kipande. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Ina moshi. Halua ya nani hii?"

"Ya Kihindi hii," akasema jirani.

"Aa, ya Kituruki," akasema mkwe wangu wa Bombei.

Mwalimu akatia simu mfukoni.

"Yangu, Bi," nikasema. "Kwetu ndivyo tunavyoila."

Akanitazama wee, halafu akacheka ufizi mtupu.

"Haya, nifungie kidogo. Na mtoto tunamchukua, shoga yangu. Ila kupika atafunzwa kwetu."