Gitaa Lililozidi Sentimita Moja

Katika waraka wenye mihuri miwili na saini moja isiyosomeka, Kamati ya Maonyesho ya Kazi za Mikono za Wanafunzi iliwajulisha wazazi, walezi na umma kwa jumla kwamba kila kazi itakayoletwa iwe imefanywa na mwanafunzi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Kwamba kazi yoyote iliyotiwa mkono na mzazi itaondolewa bila mjadala. Na kwamba majaji, kwa uzoefu wao wa miaka mingi, wanao uwezo wa kuutambua mkono wa mzazi kwa kutupa jicho mara moja tu.

Waraka huo ulisomwa kwa sauti, wakati wa chai, nyumbani kwa msoma mita mmoja wa idara ya maji. Msomaji alikuwa mkewe, ambaye anafanya kazi mapokezi ya hospitali na amezoea kuwasomea matangazo watu wasiotaka kuyasikia. Alipofika kwenye "mkono wa mzazi" alisita, akamtazama mumewe, akaendelea. Mumewe alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Mikono hiyo ina historia. Kwa miaka kumi na tisa, mchana imekuwa ikifunua vifuniko vya mita kwenye nyua za watu, na jioni imekuwa ikitengeneza magitaa. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kulifungua gitaa lililovunjika ili aone ndani kuna nini, akakuta hamna kitu, na jambo hilo likamshangaza kuliko kama angekuta mashine: kwamba sanduku tupu, likitengenezwa kwa makini, linaweza kutoa sauti yote ile. Tangu hapo ametengeneza kumi na moja. Mengine yako kwa mashemeji, mengine kwa wafanyakazi wenzake, na moja liko ukutani kwa daktari wa meno asiyejua kupiga.

Karakana yake ni chumba cha kufulia. Benchi ni meza ya pasi iliyofungiwa ubao mzito, na kamba ya nguo ndiyo inayoanikiwa mbao zilizopakwa vanishi. Pembeni kuna kipande cha bomba ambacho idara ya maji ilikitupa na yeye akakiokota. Hukipasha kwa makaa mpaka kiwe cha moto, kisha huukandamiza juu yake ubao mwembamba uliolowekwa tangu jana yake, polepole, mpaka ukubali kuwa na kiuno. Hizo ndizo mbavu za gitaa. Siku ya kukunja mbavu hakuna anayefua, na familia yote inajua kuvaa nguo kwa mpango.

Watoto wawili wamekulia humo. Kifungua mimba ni binti wa miaka kumi na minne, anayeitwa Wakili kwa sababu hakubali jambo bila ushahidi. Huyu alishika msasa kabla hajashika kalamu. Mdogo wake, wa miaka tisa, anaitwa Spika, kwa kuwa hajawahi kunong'ona, naye ana sikio la muziki ambalo baba yao hana. Baba hupima, Wakili hukata, Spika husikiliza. Kwa mpango huo walitengeneza magitaa matatu ya mwisho, na ukichungulia ndani ya tundu la kila moja utaona karatasi yenye jina la baba kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za kubana macho: akisaidiwa na watoto.

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomkera Wakili. Hakugomba. Alisema tu kwamba lile la mwisho amefanya nusu nzima, tena nusu ngumu, na kila mgeni anayelishika humgeukia yeye na kumwambia, "Baba yako fundi kweli." Alitaka gitaa moja, katika magitaa yote ya dunia, ambalo karatasi yake ingekuwa na jina moja, na watu wasiomjua baba yake wakubali kwamba ni lake. Maonyesho yalikuwa yanatoa kitu hicho hasa.

Baba alikubali papo hapo, maana kukubali si kazi. Kazi ilikuwa mikono. Mkewe alimpa aproni ya jikoni yenye mifuko miwili mirefu, akamwelekeza aiweke mikono humo kila aingiapo chumba cha kufulia, na kwa wiki tatu mwanamume yule alisimama mlangoni kama mtu anayesubiri basi. Aliposhindwa kuvumilia, alikohoa. Wakili akajifunza kusoma: akikohoa kwa kifupi, patasi imekaa vibaya, akivuta kikohozi, gundi imezidi. Hatimaye binti alifikisha malalamiko kwa mama kwamba kukohoa nako ni kusaidia, mama akasikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba baba ahamie nje, dirishani. Huko alibaki hadi mwisho, kwenye vumbi, mikono ndani ya aproni, na majirani wakimpa pole bila kujua kwa nini.

Hapa inabidi kuieleza futi ya nyumba hiyo. Futi ya chuma ya baba, ile ya kujikunja, ni ya tangu kabla hajaoa, na sentimita yake ya kwanza haipo. Ilikatika zamani chini ya kifuniko cha mita, pamoja na kile kindoano cha kushikia ukingo. Kwa hiyo katika nyumba hiyo hakuna anayeanzia sifuri: unaweka alama ya moja kwenye ukingo, unasoma, unatoa moja. Watoto walijua hesabu hiyo kabla ya kwenda shule. Spika, alipopewa rula darasani kwa mara ya kwanza, alimweleza mwalimu, kwa sauti iliyosikika madarasa matatu, kwamba ina sentimita moja ya ziada.

Shangazi yao alishindwa kuvumilia aibu hiyo, akaleta futi mpya, ya manjano, nzima. Kaka yake alimshukuru sana, akaitundika msumarini, wala hakuigusa tena. Alisema mtu habadilishi futi kama shati. Wakili ndiye aliyeitungua na kuitia kwenye boksi lake la vifaa. Katika gitaa hili hakutaka kuazima kitu cha baba, hata sentimita.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ikafika kwenye daraja, yaani kile kibao kidogo kinachogandishwa upande wa chini ili kushika nyuzi. Kutoka kichwani mwa shingo hadi darajani ilitakiwa sentimita sitini na tano kamili. Vile vichuma vya shingoni, vinavyobonyezewa nyuzi, vilikuwa vimeshapangwa kwa urefu huo, kwa kufuata kielelezo cha karatasi. Wakili alivuta futi ya manjano. Kindoano kikashika ukingo chenyewe, kwenye sifuri, kama kilivyotengenezwa kufanya. Macho yake yakaenda yenyewe kwenye sitini na sita, kama yalivyolelewa kufanya. Akapiga alama, akapaka gundi, akabana.

Siku nne kabla ya maonyesho alifunga nyuzi, akaita sikio la nyumba. Spika alipiga nyuzi zikiwa wazi, akaridhika. Akabonyeza uzi katikati, kwenye kichuma cha kumi na mbili, ambapo sauti inatakiwa kuwa ile ile ila juu zaidi. Akapiga tena. Akasema huku chini ni mzima, kule juu ana mafua.

Wakili alikaza nyuzi, akalegeza, akakaza. Mafua hayakuondoka. Akapima shingo, akapima vichuma, na mwisho kabisa, kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa na uhakika nalo zaidi, akapima daraja. Akakaa juu ya karai lililofunikwa, futi mapajani.

"Baba, usiseme kitu," alisema bila kugeuka.

"Sijasema."

"Umekohoa."

"Nimekohoa," baba alikiri.

Alikuwa amelijua kosa tangu asubuhi. Jicho lililoangalia sitini na tano kwa miaka kumi na tisa halihitaji futi. Alijua pia dawa yake, na mikono ndani ya aproni ilikuwa imekunja ngumi. Ndipo binti alipomuuliza, kwa sauti ya chini ambayo nyumba hiyo haijaizoea, "Ingekuwa wewe, ungefanyaje?"

Jibu lilikuwa na hatua tano na alikuwa nazo zote kwenye ncha ya ulimi. Akazimeza.

"Ningekasirika kwanza," alisema. Kisha akaondoka dirishani, akaenda kukaa barazani, mbali na uwezekano wa kukohoa.

Wakili alikasirika kwanza, kwa muda wa kutosha. Baadaye akakumbuka stempu ambazo mama huzibandua kwenye bahasha kwa mvuke, akaenda kuchukua pasi. Aliweka kitambaa kibichi juu ya daraja, akaweka pasi juu ya kitambaa, akahesabu, akajaribu kupenyeza kisu cha siagi chini, akarudia. Ilichukua karibu saa nzima. Daraja liling'oka na kijipande cha ubao wa juu, likaacha kovu jeupe la ukubwa wa ukucha. Alilisogeza daraja sentimita moja hadi mahali pake, akaligandisha upya. Kovu alilipiga msasa, akalipaka vanishi, akaliacha lionekane. Rangi ya kulifunika ilikuwepo. Alisema aliyekosea ni yeye, na asiyetaka kuona aangalie upande mwingine. Mama alisema tu kwamba pasi irudi bila gundi, kwa sababu kesho ina sare.

Maonyeshoni, wazazi waliwekwa nyuma ya kamba. Mkuu wa majaji, mkaguzi mstaafu wa shule mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alifika meza ya Wakili, akaivaa miwani, akatupa jicho mara moja.

"Hii ni kazi ya mtu mzima," alisema, akaweka kidole kwenye kovu. Kwa maelezo yake, mtoto akikosea hupaka rangi au hulia. Habandui kitu kwa moto na kukigandisha upya. Kalamu yake ilikuwa imeshafika kwenye fomu.

Nyuma ya kamba, msoma mita aliingiza mikono mifukoni mpaka kwenye viwiko, kadiri suruali ilivyoruhusu.

Wakili aliomba kueleza. Alieleza futi ya baba, kutoa moja, futi ya shangazi, na sitini na sita. Jaji wa pili, mwalimu wa kike wa fizikia, alichomoa futi mkobani na kumwambia apime meza. Binti alipima, na kwa woga ulimi ukatangulia akili: mia na kumi na tisa. Akafumba macho. Meza ilikuwa mia na ishirini.

"Sawa," alisema mkaguzi. "Hilo linathibitisha kwamba kosa ni la nyumba yenu. Halithibitishi ni la nani."

"Linathibitisha, mwalimu. Kosa hili linataka mtu mwenye mazoea ya futi mbovu, aliyeshika futi nzima. Baba ana mazoea, lakini futi nzima hajawahi kuitumia. Mdogo wangu mezani hafiki."

"Nafika," ilisema sauti kutoka nyuma ya kamba, na ukumbi mzima ukageuka.

Mkaguzi alimtazama baba mtu juu ya miwani. "Mzee, ni kweli futi mpya hujawahi kuitumia?"

"Haina kasoro hata moja," alisema msoma mita. "Nitaizoea vipi?"

Mwalimu wa fizikia alicheka mpaka akaketi. Mkaguzi hakucheka, aliliangalia kovu tena, safari hii kwa muda mrefu, akalipitishia kidole gumba, akamwomba Spika abonyeze uzi katikati. Kisha akakata neno moja kwenye fomu na kuandika jingine juu yake. Gitaa lilipata zawadi ya pili, na ndani ya tundu lake kuna jina moja.

Wiki iliyofuata, mitaa minne ilichelewa kusomewa mita. Msoma mita alichuchumaa kwenye kila ua, akafunua kifuniko, akaanza habari ya kovu. Zawadi aliitaja mwishoni, kama aliyeikumbuka kwa bahati. Na kila mwenye nyumba alipotikisa kichwa na kumwambia kwamba kweli yeye ni fundi, alisimama, akakung'uta magoti, akajibu vile vile: "Si mimi. Mimi nilikuwa dirishani."

Zawadi ya kwanza, kwa kumbukumbu tu, ilikwenda kwa kabati dogo lenye milango miwili na droo tano. Mwanafunzi aliyelitengeneza hakuweza kufika, kwa kuwa alikuwa na mechi. Alikuja baba yake, naye aliyajibu maswali yote ya majaji bila kusita, hata lile la bawaba.