Darasa la Mferejini

Zamani mtoto wa kijijini Lukozi alijifunza Kiingereza kwa miguu yake miwili. Siku hizi anajifunza kwa kidole gumba, amekaa. Hivyo ndivyo Mzee Sefania alivyomwambia kila aliyemsikiliza, na wasiotaka kumsikiliza pia.

Shule hakuimaliza. Kiingereza alikipata kwenye kitabu chakavu cha sarufi na maandishi ya pakiti za mbegu, na kila Jumamosi aliwafundisha watoto wa majirani bure, shambani kwake. Somo lake kubwa lilikuwa virai vihusishi.

"*On* peke yake ni mpini usio na jembe," aliwaambia. "Utalima nini? Mpe kitu cha kushika: *on the roof*. Sasa unajua kuku yuko wapi."

Kisha aliita kirai, na watoto wakakimbilia kilikowatuma: *under the banana tree*, *behind the cow*, *between the cabbages*. Aliyefika kwingine alirudi kuanza upya, wenzake wakimzomea.

Jumamosi moja akaita *across the furrow*. Kundi zima likaruka mfereji wa kumwagilia mashamba kwa pamoja. Ukingo, uliokuwa umelainika kwa mvua, ukamong'onyoka, na maji, ambayo siku hiyo yalikuwa zamu ya jirani yake Halima, yakasomba kitalu chote cha Halima cha miche ya kabichi.

Sefania hakubisha. Siku ileile aliujenga ukingo kwa magunia ya udongo, akang'oa miche yake mwenyewe akampelekea. Lakini wazazi waliitisha kikao, kwani milimani kule maji ya zamu si mchezo. Anayeyamwaga amemwaga chakula cha mwenzake. Wakampa sharti. Mwalimu Ibrahimu, kijana wa Tanga aliyefungua darasa la ziada mjini Lushoto, anawakalisha watoto kwenye madawati, wanajibu maswali kwenye simu, na mitihani wanafaulu. Mzee naye awakalishe. La sivyo, Jumamosi watakwenda kwa Ibrahimu.

Sefania akawatazama. Karibu wote waliopanga sharti hilo alikuwa amewafundisha yeye.

"Halima, wewe nilikufundisha umekaa?"

"Hukunikalisha, Mwalimu. Ndiyo maana nilivunjika mkono."

Watu wakacheka, naye nusura acheke. Halima akamsihi taratibu kwamba hakuna anayemfukuza, wanachotaka ni watoto wakae tu.

"Mtu haelewi mahali ambapo hajapakanyaga," akasema Sefania. "Siwakalishi. Wapelekeni."

Akachukua kofia yake, akaondoka kabla ya dua ya kufungia kikao. Hilo nalo walilisema sana.

Jumamosi iliyofuata alikuwa akipalilia kando ya njia watoto walipotokea wakienda kupanda basi la Lushoto, soksi nyeupe, mabegi mgongoni. Wakamwamkia mmoja mmoja, "Shikamoo, babu," naye akamwitikia kila mmoja marahaba yake. Yusra, binti wa Halima, akapunguza mwendo, akawa anautazama mfereji. Kirai kimoja tu kingetosha. Sefania alijua wangeruka na soksi zao zilezile, na darasa la Ibrahimu lingengoja mpaka jioni.

Hakuita. Hakuwa mwizi wa watoto wa watu, wala hakuwa ombaomba. Hakuuliza hata wanakwenda wapi. Akainua jembe, akaendelea kupalilia, mgongo ameuelekeza njiani, mpaka vicheko vyao vilipofika kwenye kona ya mikaratusi. Hapo ndipo alipogeuka, akawaona wote pamoja kwa mara ya mwisho kabla kona haijawaficha, wanateremka.